Ukurasa Uliosema Kupita Kiasi

Kanyere alizaliwa Butembo, katika nyumba ambamo mtu akikaa kitako mchana aliulizwa kama anaumwa. Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa safari ndefu, mtu wa kupakia maharagi alfajiri na kurudi baada ya wiki na vitenge na sabuni kutoka mpakani Kasindi. Jumapili peke yake mizigo ilipumzika. Familia nzima ilikwenda misa, na huko baba alisinzia tangu mahubiri hadi sadaka, mama akimgusa ubavu kwa kiwiko. Watoto wote walirithi miguu ya baba isipokuwa Kanyere. Yeye alipenda kukaa na vitu vilivyoharibika: redio, pasi, tochi. Alivifungua juu ya mkeka, akavitazama sana bila kugusa kitu, kisha akatengeneza kile kilichowezekana. Baba alipoona hivyo hakumlazimisha dukani. Alimpeleka Goma kusoma mambo ya kompyuta, akamwacha kwa shangazi yake katika mtaa wa Majengo, akarudi barabarani.

Alipokuwa anakaribia kumaliza masomo, mdogo wake Samy alipotea kwenye barabara ya Beni. Gari alilopanda lilikutwa limechomwa, abiria wametawanyika porini, na Samy hakuonekana kwa wazima wala kwa maiti. Nyumbani hawakujua wamlilie au wamngoje. Mama alikataa kumsomea misa ya marehemu, lakini kila alipomwombea hakuthubutu kutamka anachomwombea. Ilikuwa hivyo mpaka muuza mbao mmoja alipomkuta Samy ng'ambo ya mpaka, Kasese, akisukuma baiskeli ya ndizi, mzima kabisa, naye akiamini kwamba ni familia yake iliyokwisha. Kanyere alikuwa nyumbani siku Samy aliporudi na ndevu zake. Mama hakupiga kelele. Alikaa kitako mbele ya mlango, mchana kweupe, na hakuna aliyemuuliza kama anaumwa.

Kwa hiyo Muzee Léopold alipotafuta mtu wa kuangalia tovuti ya shirika lake, Kanyere hakuhitaji kushawishiwa. Muzee alikuwa mwalimu mstaafu, mwana wa wafugaji wa milima ya Masisi. Vita vilipowatoa watu Rutshuru na Masisi na kuwajaza katika kambi ya Kanyaruchinya chini ya mahema ya maturubai, yeye na wenzake wachache walianza kuwaunganisha waliopotezana njiani. Ofisi yao ilikuwa nyumba ya vyumba viwili huko Mabanga, yenye ua wa mawe meusi. Wajitolea walipita kambini na simu zao, wakaandika nani yuko wapi na anamtafuta nani. Mwenye kutafuta aliingia kwenye tovuti, akaandika jina la ndugu yake, na tovuti ikamjibu. Programu yenyewe ilitungwa na Benny, kijana wa Goma aliyehamia Kampala baadaye. Kuitunza kulibaki kwa Kanyere.

Si kila aliyeandikwa alitaka kuonekana. Wengine walitafuta ndugu huku wenyewe wakitafutwa na watu wabaya. Kwa hao kulikuwa na alama ya siri: jina liliandikwa ndani, lakini tovuti haikulionyesha kwa mtu yeyote wa nje. Wajitolea waliwaahidi hivyo kwa mdomo, hema kwa hema, na watu waliamini.

Asubuhi moja ya mvua alifika ofisini mzee mmoja wa Majengo muuza makala, yaani makaa ya kupikia, Papa Sibomana. Alikuwa ameshika kofia mkononi, na simu ameifunga ndani ya mfuko wa plastiki isilowe. Kanyere alimfahamu kwa sura. Mzee huyo alikuwa akimtafuta mdogo wake, Nsanzimana, waliyepotezana karibu na Sake siku ya kukimbia. Mzee alisalimu, akaketi, akauliza habari za watu wa nyumbani. Kisha akasema, kwa adabu ya mtu asiyetaka kulaumu, kwamba anashukuru kwa habari walizompa, ila yule mama waliyemtuma kwake hakumkuta.

Kanyere aliuliza ni mama gani.

"Ule wa Kanyaruchinya," Sibomana alisema. "Mashine yenu njo ilinipatia jina yake. Niliandika jina ya mudogo wangu, yenyewe ikaniletea jina ya ule mama, na numero yake, na fasi ya hema yake. Nikasema, basi, njo yeye anajua kwenye mudogo wangu iko."

Alikuwa amepiga picha ya kioo ili asisahau. Kanyere alifungua ule mfuko, akaitazama simu.

Haukuwa ukurasa wa tovuti aliyoizoea. Ulikuwa ukurasa mweupe uliojaa mistari ya mashine kutoka juu hadi chini, ile mistari ambayo programu huitoa inaposhindwa kazi, ikijieleza kwa fundi ilifika wapi na ilikuwa imeshika nini mkononi. Katikati ya mistari hiyo palikuwa na jina: Héritière. Jina la baba yake, Twagirayezu, lilifuata, kisha kijiji chao cha Masisi, namba ya simu, na mahali pa hema lake karibu na bomba la maji. Chini yake yalikuwa maneno yaliyoandikwa na mjitolea: asionyeshwe, anatafutwa na mwanaume mwenye silaha, ana mtoto. Na chini kabisa, kama vile hayo hayakutosha, lilikuwepo neno la siri la kufungulia ghala lote la majina.

Kanyere alisoma mara ya pili, kwa sababu mara ya kwanza macho yaliruka. Alimuuliza mzee, kwa sauti ya kawaida kadiri alivyoweza, kama alimwonyesha mtu mwingine ile picha.

Alikuwa ameionyesha. Kusoma kwake ni kwa shida, kwa hiyo pale kambini aliwapa watu simu wamsomee, na wao wakamwelekeza kutoka hema hadi hema. Walimsaidia sana, alisema. Lakini alipofika kwenye lile hema alikuta turubai limefungwa. Majirani walimwambia kwamba mwenyewe alisikia kuna mwanaume anamuulizia kwa jina lake lote, akambeba mtoto na sufuria, akaondoka bila kuaga.

Mvua ilikuwa inapiga bati. Kanyere angeweza kumshukuru mzee na kumwacha aende zake, lakini aliona haifai. Alimweleza: lile jina halikuwa jibu. Mashine iliharibika, na katika kuharibika kwake ikatoa siri ya mtu. Yule mama hakumjua Nsanzimana. Alikimbia kwa kudhani kwamba anayemuulizia ni mtu wa kumdhuru.

Sibomana aliigeuza kofia yake ukingo kwa ukingo.

"Kumbe niliogopesha mutu," alisema mwishowe. "Mimi nilifikiri naenda kushangilia."

Alifuta ile picha mbele ya Kanyere, tena akampa simu ahakikishe. Alipotoka alisahau kuvaa kofia, akaenda na mvua kichwani.

Kanyere aliifunga tovuti saa ile ile. Akabadilisha neno la siri la ghala, ndipo akaingia chumba cha pili kumwambia Muzee Léopold. Muzee alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Hakutafuta wa kulaumu. Aliuliza kitu kimoja, kama yule mama yu hai, na Kanyere akajibu kwamba hajui. Muzee akamwomba Mama Nshobole aitwe kutoka kambini. Nshobole alikuwa mjitolea, mama wa makamo mwenye asili ya Bukavu, na ndiye aliyemwandika Héritière kwa mkono wake. Alipopigiwa simu alisema anaanza kumtafuta, akakata.

Benny alipokea simu akiwa kazini Kampala. Kanyere alimsomea mistari ile, aliyokuwa ameinakili kwenye daftari kabla picha haijafutwa, na kabla hajafika mwisho Benny alikuwa ameshaelewa. Programu, mtu anapotafuta jina, ilipitia majina yote kwanza, ya wazi na ya siri, ndipo ikaficha ya siri. Jina la Héritière lilikuwa limeingizwa siku chache nyuma, kwa simu mpya, na zile e zenye alama juu zikaandikwa kwa namna ambayo programu haikuitambua. Ilipofika hapo ikajikwaa. Na kujikwaa kwenyewe kusingekuwa neno, kama programu isingekuwa bado katika hali ya majaribio, ile hali ambayo kila kosa linamwagwa kwenye kioo cha mtu yeyote aliye mbele yake.

"Ni miye niliiacha vile," Benny alisema. "Wakati tulikuwa tunaanza, connexion ilikuwa mubaya. Ulikuwa unanitumia picha ya kosa, nasoma, natengeneza. Kisha watu wakaanza kuingia, tukasahau kufunga."

Ilikuwa kweli. Kanyere mwenyewe alikuwa amezizoea kurasa zile nyeupe, kama mtu anavyozoea mlango wa nyuma usiofungwa kwa kuwa kila siku anapita hapo na kuni. Walikubaliana wasipoteze muda kwa majuto. Mchana kutwa walifanya kazi, yeye Mabanga na Benny Kampala, simu ikiwa imeegemezwa kwenye kikombe. Walizima hali ya majaribio. Wakaagiza seva kwamba maelezo yote ya kosa yaandikwe ndani, katika faili ambalo wao wawili tu wanaweza kulifungua, na mtu wa nje apewe sentensi moja na namba ya kosa, basi. Akija ofisini na namba hiyo, Kanyere ataitafuta ndani na kujua kilichotokea. Walibadilisha pia programu isiguse majina ya siri kabisa wakati wa utafutaji wa nje. Katika kumbukumbu za seva Kanyere aliona kwamba tangu jina lile liingizwe ni wawili tu waliokuwa wametafuta, na kosa liliwatokea wote: Sibomana na mwanamke mmoja wa Katindo. Alimpigia huyo mama. Alijibu kwamba aliona maandishi mengi ya Kizungu, akafunga, akaenda kupika.

Jioni, akijaribu kila kitu upya, Kanyere aliandika jina la mtu mmoja wa siri moja kwa moja kwenye anwani ya tovuti, bila kupitia utafutaji, kuona itasema nini. Ikasema: huna ruhusa ya kumwona mtu huyu. Aliitazama sentensi hiyo. Ilikuwa fupi, ya heshima, haina namba ya simu wala mahali. Lakini mwenye kumtafuta mtu kwa ubaya angeisoma na kujua kwamba mtu huyo yumo, yuko hai, yuko karibu na Goma. Alimwandikia Benny, na Benny akajibu kwa neno moja la mshangao lisilofaa kurudiwa hapa. Wakaifuta. Kuanzia hapo, aliyefichwa na asiyeandikwa kabisa walipata jibu lile lile, bila tofauti hata ya nukta.

Kesho yake Nshobole alileta habari. Héritière hakuwa mbali. Alikuwa Majengo, kwa mjane mmoja waliyekuwa wakisali naye, katika chumba cha nyuma chenye dirisha la mbao. Hakutaka kumwona mtu. Nshobole alikuwa amesimama nje akaongea na mlango, akarudia tena asubuhi, mpaka ukafunguliwa.

Walikwenda wawili. Héritière alikuwa mdogo kwa umri kuliko Kanyere alivyodhani, mrefu, mwenye kitenge kilichofungwa imara kama mtu aliye tayari kuondoka. Mtoto wake wa kike alikuwa amelala kwenye godoro. Hakuwakaribisha kukaa, nao hawakukaa.

Kanyere alikuwa amefikiria njiani namna ya kuanza, na yote yakamtoka. Alisema tu kwamba yule mwanaume aliyekuwa akimuulizia ni muuza makala, mzee, anamtafuta mdogo wake, hana ubaya wowote. Kwamba jina lake alilipata kwenye mashine ya shirika. Kwamba mashine ilikosea, na waliopaswa kuizuia isikosee hivyo ni yeye na mwenzake.

Héritière alimsikiliza akimtazama mdomo.

"Mama Nshobole aliniambia jina yangu itakaa mu ndani," alisema. "Niliuliza mara mingi. Akaniambia mu ndani."

"Alikuambia vile tulimwambia," Kanyere alijibu. "Yeye hakukosa."

"Kule mulimani, mutu alikuwa anakuya kwa mulango anauliza mwenye nyumba iko wapi. Jirani mumoja, mutu muzuri sana, alikuwa anajibu: haiko, alienda kwa shemeji yake, njia ya juu, atarudia kesho. Alikuwa anajibu na roho safi. Watu walikufa sababu ya ile roho safi." Alisema hivyo bila kupandisha sauti. "Futa jina yangu."

Kanyere hakubishana. Alimwambia jina litafutwa kwenye mashine leo leo, na Nshobole atakuwepo akiona kwa macho yake. Ndipo Héritière alipoketi kwenye ukingo wa godoro, akaweka mkono juu ya mgongo wa mtoto. Kisha aliuliza, kama mtu anayeuliza bei ya kitu asichoweza kununua, baba yake Twagirayezu akija kumtafuta, sasa atampataje.

Hapo ndipo Nshobole alipozungumza. Alisema jina linaweza kufutwa kwenye mashine na kubaki kwa watu. Yeye atalijua, na Kanyere atalijua, na hakuna wa tatu. Mtu akija, yeyote yule, hata awe na machozi, hataambiwa ndiyo wala hapana. Watakuja kwanza kwa Héritière, na atakalosema ndilo litakalokuwa.

Héritière alifikiria. Mwishowe akasema sawa, lakini kambini harudi.

Kabla ya kufungua tovuti tena, Kanyere alimwita Papa Sibomana aijaribu. Alimchagua yeye kwa makusudi, kwa kuwa aliona ana haki ya kuwa wa kwanza. Mzee alikuja amevaa shati la Jumapili. Kanyere aliilazimisha mashine ishindwe, kisha akampa simu aandike jina la mdogo wake, taratibu, kwa kidole kimoja. Kioo kikatoa sentensi mpya: hakuna kilichopatikana.

Sibomana aliisoma kwa kuburuza midomo. Akairudia. Kisha akavuta pumzi, akaweka simu mezani polepole.

"Basi alikufa," alisema.

Kanyere alimwambia upesi kwamba hapana, ilikuwa jaribio tu, mashine ndiyo ilikuwa imeshindwa, haikusema lolote juu ya Nsanzimana. Mzee aliitikia kwa kichwa, lakini macho yake yalichukua muda kurudi. Kanyere alimletea chai. Alikaa naye mpaka akamaliza, na katika kukaa huko alimkumbuka mama yake aliyekuwa akiomba bila kuthubutu kutamka anachoomba. Alikuwa ameziba mdomo wa mashine kwa haraka sana hata hakuangalia neno moja lililobaki linamwangukia nani.

Waliandika sentensi hiyo upya pamoja, yeye na mzee, mbele ya ile chai. Muzee Léopold alitoka chumba cha pili akaweka mkono wake pia, kwa ualimu wake akitaka koma mahali ambapo hakuna mwingine aliyeiona haja yake. Ilikuja kuwa hivi: *Samahani. Sisi ndio tumeshindwa kujibu sasa hivi. Hii haisemi kitu juu ya ndugu yako. Jaribu tena, ao uje kwetu na namba hii.* Na kwa jina lisiloonekana, liwe limefichwa au halijaandikwa, waliweka sentensi yake: *Kwenye ukurasa huu hatuna la kukuambia juu ya jina hili. Usikate tamaa. Uje ofisini tukusikilize.*

Watu walikuja. Ofisi ilijaa kuliko zamani, na Muzee aliongeza benchi uani chini ya kipande cha turubai. Kazi ya Kanyere ilibadilika. Nusu ya siku alikuwa na mashine, nusu ya siku alikuwa anawasikiliza watu. Hakuwa amezoea. Mwanzoni alitazama mikono yake wakati watu wakilia. Baadaye alijifunza kuwatazama.

Mzee Twagirayezu alifika katika msimu wa jua, vumbi la njia ya Sake likiwa mpaka magotini. Alikuwa na fimbo ya mchungaji, koti zito lisilofaa kwa joto lile, na karatasi ndogo ambayo mtu alimwandikia ile sentensi ya tovuti. Aliketi kwenye benchi, akangoja zamu yake bila kusukuma mtu. Alipoingia alitaja jina la anayemtafuta: binti yake, Héritière.

Kanyere aliandika jina hilo kama alivyoandika mengine yote asubuhi hiyo. Aliuliza kijiji, aliuliza lini walipotezana, aliuliza watu wa nyumbani ni nani na nani. Mzee alijibu kila kitu. Kisha Kanyere akasema maneno aliyomwambia kila mtu: kwamba hawezi kumwambia ndiyo wala hapana, na arudi baada ya siku chache.

Mzee hakuinuka.

"Mutoto yangu," alisema, "naona macho yako. Macho yako inajua."

Nyumba ya yule mjane haikuwa mbali. Kwa pikipiki ingekuwa muda wa kuvuka mitaa michache. Alirudia kwamba hawezi kusema kitu, akaomba arudi. Twagirayezu alimtazama, kisha akasimama kwa kuegemea fimbo yake, akashukuru, akatoka. Kanyere alimwona kupitia dirishani akipita kwenye benchi, watu wakimsogezea miguu. Kazi zote alizowahi kufanya, hakuna iliyomchosha kama kuketi pale bila kumwita.

Mchana huo huo alikwenda kwa Héritière pamoja na Nshobole. Héritière alipoambiwa kuna mzee amekuja na fimbo na koti zito alishika ukuta. Lakini hakukimbilia mlango. Aliuliza kama alikuja peke yake. Aliuliza kama kuna mtu alisimama mbali akimngoja. Yule mwanaume, alisema, anaweza hata kumshika baba na kumtuma mbele kama mbwa wa kuwinda. Nshobole alikuwa ameshamfuata mzee kwa umbali hadi alikofikia, kwa familia moja ya parokia, na hakuona mtu nyuma yake.

"Mumuulize siku ya ubatizo wangu alifanya nini," Héritière alisema.

Mzee aliporudi ofisini Kanyere alimuuliza. Twagirayezu alishangaa kwanza, kisha kitu kikalegea usoni mwake, na kwa mara ya kwanza Kanyere aliona ni mtu ambaye zamani alikuwa akicheka. Alisema alichelewa. Ng'ombe alikuwa anazaa. Alifika kanisani padri ameshamaliza, na matope mpaka mapajani, mke wake akakataa kuongea naye mpaka jua kuzama. Ndama yule alimwita Batême, yaani Ubatizo, ili apatane na mke.

Walikutana ofisini, katika chumba cha Muzee Léopold, mlango umefungwa. Kanyere alimwingiza Héritière kwa njia ya ua. Hakukuwa na kelele. Mzee alimtazama binti yake, akamtazama mtoto aliyekuwa mgongoni, akavua kofia. Alimgusa mtoto utosini kwa vidole viwili, kwa woga, kama mtu anayegusa kitu chenye moto. Kisha akaketi na kuanza kumweleza habari za ng'ombe: yupi alichukuliwa, yupi alikufa njiani, yupi aliachwa kwa jirani. Alieleza mmoja mmoja kwa jina, naye Héritière aliitikia kwa kila jina, machozi yakishuka bila yeye kuyafuta. Kanyere na Nshobole walitoka nje.

Uani alikuwepo Papa Sibomana, aliyeleta gunia la makala la jikoni la ofisi na kukaa kidogo kupumzika. Kuhusu Nsanzimana bado hapakuwa na habari. Mjitolea mmoja alikuwa amesikia jina linalofanana upande wa Minova, na mzee alikuwa anangoja, akija kila wiki kuuliza, kila wiki akijibiwa kwa heshima. Aliona mlango wa Muzee umefungwa, akasikia sauti ya mwanaume mzee ndani ikitaja ng'ombe. Hakuuliza ni nani. Alisogea kwenye benchi, Kanyere akaketi.

Wale wa ndani walipotoka jua lilikuwa limelegea. Twagirayezu alimwendea Kanyere huku amemshika mjukuu wake, aliyekuwa ameamka na kung'ang'ania kifungo cha lile koti.

"Siku ile ya kwanza," mzee alisema, "ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua, papa."

Mzee aliitikia. Alisimama akilifikiria jibu hilo, mtoto akivuta kifungo.

"Ulifanya muzuri," alisema. "Lakini iliniuma."

"Hata mimi iliniuma," Kanyere alisema.

Héritière alimchukua mtoto, na Kanyere akamsaidia kumfunga mgongoni, akishika ncha moja ya kitenge huku mwenyewe akiinama. Walitoka kwa njia ya ua, binti mbele, baba nyuma na fimbo yake. Kanyere alibaki amesimama mpaka walipokata kona ya ukuta wa mawe, kisha akarudi ndani, ambako mama mmoja alikuwa amengoja tangu saa sita, na kwenye kiganja chake alikuwa ameandika kwa kalamu ya bic namba ya kosa.